Dawa ya Kuiba

Mtaani hakuna aliyejua jina lake la kuzaliwa, wala hakuna aliyelihitaji. Walimwita Bwana Maua, na walianza kumwita hivyo kwa kumcheka. Mwanamume mzima, mrefu, mikono mipana ya kubebea magunia, kutwa kuchutama anapalilia vijiua! Kazini kwake, kituo cha afya kilichokuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, alikata michongoma, akafagia njia, akamwagilia nyasi ambazo wagonjwa walizikanyaga makusudi kwa sababu njia ilizunguka. Hakuwahi kumkaripia mtu. Alikuwa na adabu ya kupita kiasi, ile adabu ambayo mtu hupewa na mama yake akaibeba mpaka imuue, au imuulie mwenzake.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na mbele yake palikuwa na kiwanja kisichotosha hata kuegesha mkokoteni. Hapo ndipo alipopanda ua lake. Ni ua mnalolijua: fupi, la kufika magotini, majani ya kung'aa, petali tano za waridi au nyeupe zenye jicho jekundu katikati. Linachanua kiangazi na masika, haliombi mbolea wala huruma. Wengine huliita ua la makaburini kwa kuwa hupandwa huko likaachwa lijitunze. Mtaani kwao waliliita ua la sukari, na jina hilo halikuwa na utamu wowote, maana jani lake ni chungu kuliko maneno ya wakwe. Waliliita hivyo kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, ambao watu walisema jani hilo linautibu.

Mbegu alizirithi kwa mama yake. Mama huyo alikuwa mganga wa majani, hana pembe wala hirizi, mwanamke wa sufuria na chujio tu. Alimfundisha mwanawe tangu udogoni. Ukiumwa na nyigu, ponda jani ukamulie hapo hapo. Kidonda kikikataa kukauka, chemsha majani, acha yapoe, osha. Fizi zikitoka damu, sukutua na uteme. Zamani alilitoa hata la kunywa, kwa wenye sukari, mpaka siku mzee mmoja aliyekuwa akimeza vidonge vya hospitali kwa siri alipoangukia mezani pake, kikombe kingali mkononi. Mzee yule hakuinuka tena. Tangu siku hiyo mama akawa na sheria moja, akaikariri kwa mwanawe hadi kwenye kitanda cha kufia.

"La nje tu, mwanangu. Ndani usiliingize. Ukiliingiza ndani, hujui litamkuta nani."

Bwana Maua akaishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Aliyekuja analia na nyigu alipewa jani mara moja, tena alipondewa. Lakini aliyesema "ya kunywa" aliambulia kutikisiwa kichwa. "Hapana, mama. La kunywa sitoi. Nenda kituoni, sista wa chumba namba tatu atakupima." Basi watu wa mtaa ule hawajapata kuona mwenye dawa mlangoni akawaelekeza hospitali! Wakajua anaficha. Kila alipokataa, imani yao ikapanda ngazi nyingine. Angesema "chukueni, yamejaa," pengine wangeyapita kama wanavyopita majani ya mbuzi. Mchoyo, walisema. Roho ya korosho.

Ng'ambo ya njia, chini ya upenu, alikaa mwanamke mmoja mshonaji waliyemwita Fundi. Cherehani yake ilitazama moja kwa moja kwenye tuta la maua, na jicho lake moja lilifuata sindano, la pili likafuata mtaa. Mumewe alikuwa na sukari. Alfajiri moja Bwana Maua alitoka na ndoo akamkuta Fundi amechutama katikati ya tuta, kanga ameitupia kichwani, pindo la gauni limejaa majani. Wakatazamana. Huyu ni mwanamke wa heshima, ana watoto waliooa, anaongoza wenzake kwenye misiba. Uso wake ukaingia rangi ambayo Bwana Maua hakuweza kuivumilia. Afadhali angefumaniwa yeye.

"Usiogope, jirani," akasema. "Dawa ya kuiba ndiyo inayoponya. Mimi sijakuona." Akageukia ukuta, akakaa hivyo mpaka aliposikia kandambili zinavuka njia.

Ulikuwa mzaha. Alikuwa akimfunika mwenzake aibu, basi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwepo alfajiri ile kumkanyaga mguu.

Mume wa Fundi alikuwa ameogopa kufa, na hofu hiyo ilimfanya aache pombe, atembee asubuhi na jioni, ameze vidonge vyake bila kukosa. Sukari ikashuka. Sifa zikaenda kwa nani? Kwa majani. Fundi akawa anamweleza kila mteja aliyenyoosha mikono kupimwa kifua: "Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake. Dawa ya kuiba ndiyo inayoponya. Ila mwenyewe asikuone. Akikuona tu, inageuka sumu." Hicho kipande cha mwisho alikishona yeye, na kikakaa vizuri kuliko nguo zake.

Basi ikawa ndiyo adabu ya mtaa. Kabla ya jua kutoka, vivuli viliingia tutani na kutoka, kimya kimya, kila mmoja na pindo lake. Bwana Maua akiwa anatoka alikohoa mlangoni kwanza, na akimkuta mtu, aligeukia ukuta. Mama mmoja alikunywa akatapika siku mbili. Wakasema uchafu unatoka.

Je, alikosa nafasi ya kusema "Jamani, nilitania"? Hakukosa. Alijiambia hajampa mtu, amemkataza kila aliyeomba, mwizi na abebe mzigo wake, na sheria ya mama iko pale pale. Lakini tusidanganyane, mtu huyu alipenda. Waliokuwa wakimpita kama nguzo ya umeme sasa walimwamkia. Msibani alivutiwa kiti cha mbele. Na alipoulizwa kama ni kweli kwamba dawa yake ni ya kuibwa, alitabasamu akaangalia viatu vyake. Tabasamu lile lilikuwa jibu, na alijua ni jibu.

Sasa tumtaje mkewe. Aliitwa Mama Pasi, kwanza kwa kuwa alipiga pasi kwa dobi, mashati thelathini kabla ya adhuhuri, na pili kwa kuwa ukimgusa unaungua. Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na haikuwa na mtoto. Miaka sita ya mwanzo mama mkwe alimpikia magome na mizizi asubuhi na jioni, akanywa mpaka ulimi wake ukasahau ladha ya chai, akanywa akiwa na homa, akanywa huku analia. Mumewe aliyaona yote. Hakumlaumu mkewe hata siku moja, na hakumtetea hata siku moja.

Kisha Mama Pasi akashikwa na kiu isiyokatika. Akakonda mabega. Malengelenge ya kiatu yakawa kidonda, kidonda kikakataa kupona. Sista wa chumba namba tatu akampima, akampa vidonge, akamweka Bwana Maua kitako kumfundisha kazi mbili. Ya kwanza, amkague mkewe miguu kila jioni, kidole kwa kidole. Ya pili, asisahau neno hili: "Sukari ikipanda inaua polepole. Ikishuka inaua saa hiyo hiyo. Ukiona anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanapishana, mpe kitu kitamu upesi, usiulize."

Alipomweleza mkewe, mkewe akacheka. "Yaani naumwa sukari, dawa yake sukari? Hiyo hospitali yenu ina mambo!"

Lakini miguu alimwachia. Kila jioni Bwana Maua alileta beseni la maji ya vuguvugu, akakaa kwenye kigoda, akapakata mguu wa mkewe, akafungua kidole kimoja kimoja kwenye mwanga wa mlangoni. Hakuna kazi aliyoipenda kuliko hiyo. Hakuwahi kumwambia.

"Unanikagua kama mbuzi wa mnadani," mkewe alisema.

"Mbuzi angetulia."

"Na mnunuzi angelipa."

Ndivyo walivyopendana, na wangeendelea hivyo, kama si gauni. Mama Pasi alipeleka gauni kwa Fundi likapunguzwe. Fundi akazunguka na pini mdomoni, akibana hapa, akibana pale.

"Shoga, hii mara ya tatu nakupunguzia. Utaisha nikikuona. Na dawa iko mlangoni kwako! Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema haifai kunywa."

"Kwa mume wangu ilifaa." Akatoa pini moja, akaichomeka kiunoni. "Mwanamume hana mtoto, mke anakonda, dawa anayo, hatoi. Mimi sisemi kitu, shoga. Mimi nashona tu."

Jioni hiyo, mguu ukiwa ndani ya beseni, Mama Pasi akasema, "Nipe majani."

"Majani gani?"

"Usinifanye mtoto. Mtaa mzima unakunywa."

Akamweleza. Alimweleza sheria ya mama, akamweleza habari za mzee aliyekufa na kikombe mkononi, akamweleza kwamba vidonge na majani vikikutana sukari inaporomoka. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, na kila neno lilikuwa la kweli. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Mama yako alininywesha miti yote ya dunia hii nipate mimba," akasema. "Miaka sita. Hukusema hata siku moja, mama, mwache mwenzangu apumzike. Leo naomba majani ya kuishi, ndiyo umekumbuka kwamba dawa ina madhara?"

Bwana Maua alijua amesemwa kwa haki.

"Unangoja nife uoe mwenye kizazi."

Mwanamume mwingine angelia, au angepiga kelele, au angevunja kitu. Yeye moyo ulimpasuka, akainamisha kichwa, akasema, "Lete mguu wa pili." Mama Pasi akavuta mguu kwa nguvu, beseni likapinduka, maji yakapita chini ya mlango hadi nje. Kuanzia jioni hiyo hakumpa tena mguu.

Wiki mbili hawakusemeshana. Mama Pasi alizungumza na vyombo. "Sufuria, mwambie mwenye nyumba chakula tayari." "Ufagio, muulize mwenye nyumba kama amefunga mlango." Bwana Maua alijibu kwa adabu, naye akiliambia sufuria.

Halafu, siku moja, Mama Pasi akabadilika. Bwana Maua aliamka akakuta mke ameshaamka kabla yake, uwanja umefagiwa, chai iko mezani. Kesho yake vivyo hivyo. Akamsemesha. Akaimba akikunja nguo. Jioni akaweka mguu kwenye beseni mwenyewe, bila kuombwa, na kidonda, hebu tazama, kilikuwa kimeanza kufunga mdomo. Walipokwenda kituoni, sista alisoma kipimo mara mbili.

"Imeshuka vizuri. Unakula vizuri sasa? Endelea hivyo hivyo, mama."

"Nitaendelea," alisema Mama Pasi, na wakiwa njiani kurudi alimshika mumewe mkono, mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya tangu harusi yao. Bwana Maua akatembea amenyooka. Alidhani amesamehewa kwa sababu ya ukweli wake. Alidhani vidonge vimeshinda.

Aliona pia kwamba tuta lake linanyonyolewa upande wa ukutani, karibu na mlango, majani ya chini tu, kwa kucha safi. Mwizi huyu ana mkono mzuri, alijisemea. Akafikiri ni Fundi.

Alfajiri moja alitoka kwenda chooni. Kulikuwa na mtu tutani, amechutama, nguo kichwani, mgongo kwake. Bwana Maua akakohoa kama ilivyo adabu, akageukia ukuta, akangoja. Alihesabu matofali. Alisikia nyayo zikizunguka nyumba, kisha kimya. Aliporudi ndani kitanda kilikuwa kitupu, na nje ufagio ulikuwa umeanza kukwaruza ardhi. Mke wangu leo kawahi, akawaza, na akafurahi, akavaa viatu vya kazi.

Ilikuwa wiki ya joto. Nyumba ya wageni ilikuwa imeleta mashuka yake yote kwa dobi kwa mpigo, na Mama Pasi alitoka nyumbani bila kula ili awahi meza ya karibu na dirisha. Saa nne wenzake walimwona anacheka peke yake. Saa nne na nusu akaiita pasi kwa jina la mama yake. Jasho likamtoka mpaka gauni likashika mgongo, mikono ikaanza kutetemeka, pasi ikasimama juu ya shuka na kubaki hapo mpaka moshi ukatoka. Wakamlaza sakafuni juu ya nguo za watu. Mmoja wao, mwanamke mwenye huruma, akafungua soda aitie mdomoni mwake. Mwingine, naye mwenye huruma, akaipiga teke.

"Ana sukari huyo! Unataka kumuua?"

Soda ikamwagika yote. Wakampepea kwa foronya. Wakammwagia maji kichwani. Wakamtuma mtu kituoni.

Bwana Maua alikuja mbio, mkasi wa kukatia michongoma ungali mkononi. Alipomwona tu alijua.

"Sukari! Leteni sukari!"

Wakamtazama kama mwendawazimu. Yule aliyepiga soda teke akasimama mbele yake, mikono ameitanua, anamlinda mgonjwa asiuawe na mumewe. Kwa mara ya kwanza maishani Bwana Maua alimsukuma mtu. Alipata kopo la sukari ya chai nyuma ya meza, akachota kwa vidole, akatia mdomoni mwa mkewe, akasugua fizi. Meno yalikuwa yamekaza. Chembe zilibaki kwenye midomo, zikashikamana na jasho.

Sista alifika nyuma yake, akamchoma mgonjwa sindano ya sukari, wakambeba hadi kituoni kwa mkokoteni wa nguo. Alifariki saa tisa, chumba namba tatu, kitanda cha dirishani. Nje michongoma ilikuwa imekatwa nusu.

Yule mwanamke aliyefungua soda ndiye aliyemletea Bwana Maua mkoba wa marehemu. Ndani mlikuwa na kitana, leso, na chupa ndogo ya maji ya kijani yaliyokolea, imebaki robo. Bwana Maua alifungua kizibo. Hakuhitaji kuonja lakini alionja, na uchungu wa utoto wake ukamjaa kinywani.

"Hiyo alikuwa anakunywa hapa kila asubuhi, juu ya vidonge," alisema yule mwanamke. "Alitwambia alikukasirikia bure. Alisema, kumbe mume wangu ananipenda, alininyima makusudi ili niibe, maana ya kupewa haiponyi. Alikuwa na furaha sana, shemeji. Alisema wewe unajifanya huoni."

Sitaeleza alivyorudi nyumbani. Sijui, na yeye mwenyewe hakukumbuka.

Msibani mtaa mzima ulijaa. Fundi alilia kuliko wote, akashikiliwa na wanawake wawili, akamfikia mfiwa na kumshika mabega mbele za watu. "Ungempa tu, shemeji! Ungempa mapema! Dawa mlangoni, mtu anakufa ndani!" Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengine walikuwa wamekalia viti vya mbele alivyokuwa akivutiwa yeye.

Bwana Maua akatoa chupa mfukoni. "Alikuwa anakunywa," akasema. "Hii ndiyo iliyomuua. Na ile niliyokwambia wewe siku ile, jirani, ilikuwa mzaha. Nilikuonea aibu. Hakuna dawa ya kuiba. Sijawahi kusikia kitu kama hicho kwa mama yangu wala kwa mtu mwingine."

Alisema kwa sauti, wote wasikie. Yalikuwa maneno ya kijasiri kuliko yote aliyowahi kusema, na yalikuja yamechelewa kwa miezi saba.

Fundi alikausha machozi. Aliishika ile chupa, akaitazama kwenye mwanga, akafikiri kama anavyofikiri juu ya kitambaa. Kisha akauliza, taratibu, "Alikuwa anachuma mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Alfajiri?"

"Ndiyo."

"Wewe ulimwona?"

Bwana Maua angeweza kusema hapana. Ndilo neno dogo kuliko yote, na hakuna ambaye angelipinga. Lakini aliuona tena ule mgongo, nguo ya kijivu kichwani, mgongo aliolala nao miaka ishirini na mitatu na asiutambue kwa sababu ya adabu.

"Nilimwona," akasema.

"Basi," alisema Fundi, akamrudishia chupa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyepata uzi uliokatika, na watu wakapumua, wakageukiana, wakanong'ona. Ikawa imeeleweka. Mwenyewe alimwona, dawa ikageuka. Wakati wa kutoka msibani, wawili watatu walipita karibu na tuta, wakainama kufunga viatu visivyo na kamba.

Siku ya nne baada ya mazishi Bwana Maua alichukua jembe. Alianza ukutani akamaliza njiani, hakuacha shina. Alirundika yote katikati ya kiwanja, maua, majani na mizizi yenye udongo, akamwaga mafuta ya taa, akawasha. Yalitoa moshi tu. Mabichi hayaungui, na yeye mtu wa bustani alijua hilo kabla ya kuwasha. Akaamua kungoja jua liyakaushe.

Kufikia adhuhuri majirani walikuwa wamekwisha fika. Wawili, kisha sita, mifuko imekunjwa kwapani. Hakuna aliyeomba; walikuwa na adabu zao. Walisimama ukingoni mwa kiwanja wakizungumzia joto, wakiulizana habari za nyumbani, wakimngoja mwenyewe ageukie ukuta. Ng'ambo ya njia cherehani ilinyamaza.

"Mizizi, shoga, mizizi ndiyo kiboko," Fundi alimwambia mteja wake, kwa sauti ya kuvuka barabara. "Kama haina nguvu, kwa nini aing'oe?"

Bwana Maua akaelewa. Aliingia ndani, akatoka na kile kigoda cha kukagulia miguu, akakiweka mbele ya lundo, akakaa, akakodoa macho. Mwenyewe anaona. Mwenyewe akiona ni sumu. Kwa sheria yao wenyewe hawakuweza kugusa hata jani, na hiyo ndiyo silaha pekee waliyoibakiza mkononi mwake. Walingoja mpaka jua likapoa, wakaenda kupika. Yeye akabaki. Kesho yake wakarudi, naye yupo, macho mekundu, hajala. Sista alituma salamu kwamba michongoma inamngoja. Hakuinuka. Maua yaliyong'olewa yalikuwa bado yanachanua juu ya lundo, ya waridi na meupe, hayana habari.

Alfajiri ya siku ya tatu kidevu kilimwangukia kifuani. Haukuwa usingizi, ni kipande tu cha usingizi kisichotosha kuchemsha chai. Alipofumbua macho ardhi ilikuwa nyeupe. Walikuwa wamechukua yote, jani, shina, mzizi, hata petali zilizodondoka. Na kwa kuwa ni watu wenye adabu, walikuwa wamemfagilia kiwanja. Wametumia ufagio wa mkewe, na wameuegemeza ukutani, kichwa juu, kama marehemu alivyokuwa akiuweka.

Ng'ambo ya njia cherehani ilikuwa imeshaanza kazi.

"Umeamkaje, shemeji?" Fundi akamsalimu, kwa heshima zote.

Naye, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akaitikia.